Anayeshinda Habanduki

Niliota usiku wa jana kwamba ile mashine kuukuu ya gemu za kupigana, niliyoinunua juzi juzi kwa fundi redio, imekataa kuwaka.

"Mchezaji wa pili yuko wapi?" ikaniuliza.

Nikaiambia ukweli kwamba sina. Kazini niliwaomba wenzangu, wakacheka. Mke wangu alicheza mara moja kwa kunistahi, kisha akakumbuka ana nguo za kuanua. Tangu hapo nacheza na mashine yenyewe.

"Mimi nimekuchoka," ikasema.

Mpiganaji mmoja anatoka kwenye kioo cha televisheni, kifua wazi, mkanda mwekundu kiunoni. Juu ya kichwa chake unaelea ule mstari unaoonyesha uhai uliobaki. Umebaki kipande tu. Anaomba maji. Anakunywa, mstari unajaa, ananirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Twende. Kuna mtu anakungoja."

Tunafungua mlango wa bafuni na kutokea Tanga, mchana, kwenye banda la gemu la utotoni mwangu, ambalo najua lilishabomolewa. Mashine zote zimezimwa isipokuwa moja. Mbele yake amekaa rafiki yangu Mbaruku. Ana mvi. Kaptura yake ni ile ile ya shule.

"Mbaruku! Unafanya nini hapa?"

"Si unajua sheria, Idrisa? Anayeshinda habanduki, anayeshindwa anainuka." Macho hayatoki kwenye kioo. "Siku ile nilikushinda, ukainuka. Kesho yake mkahama. Hakuja mwingine."

"Miaka yote hii?"

"Hata ndoa nilifungia hapa. Shehe alisimama pale, karibu na feni. Watoto nawasikia tu, wanapita nje wakienda madrasa." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Mama alipofariki niliomba ruhusa nikamzike. Kiti kikakataa."

"Sheria ni sheria," kikasema kiti kwa sauti ya chini. "Lakini na mimi nililia."

Nikakaa karibu naye. Ningejua kwamba yupo, ningekuja zamani. Nilitaka tucheze taratibu, tupige soga, nimuulize majina ya watoto.

"Piga kwanza," akasema. "Nikijiangusha mwenyewe haihesabiwi."

Tunapigana vibaya sana. Vidole vyake vimekakamaa, vyangu havijazoea. Wapiganaji wetu wanakosana, wanaombana radhi, wanarudi ulingoni. Mara mbili Mbaruku anacheka, cheko lile lile la zamani, na mimi napunguza kasi ili asiache kucheka.

Kisha ngumi yangu moja inampata mpiganaji wake kwa bahati tu. Anaanguka.

Mbaruku anainuka. Magoti yanalia kama bawaba za mlango.

"Kaa kidogo," nasema. "Moja ya mwisho."

"Aliyeshindwa anainuka, ndugu yangu."

Akatoka. Hakugeuka nyuma. Nilitaka kumfuata, kiti kikanishika kiuno, kwa upole.

Nikaamka. Kumekucha. Kwenye simu kuna ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Nimefika nyumbani. Mbaruku."

Nilitaka kumpigia, nimwombe aje Jumapili tucheze. Kidole kilishafika kwenye namba. Nikaiweka simu chini. Ndiyo kwanza anawaona watoto wake.