Siku Mtumbwi Wetu Ulipokuwa Meli

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalitanguliza mwenyewe, maana pale Rumonge ukichelewa kukiri jambo kama hili kuna watu watakukiria, tena sokoni, mbele ya wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa kuigiza na sauti yako.

Tulikuwa na chama, Chama cha Kafi. Mali yake yote ilikuwa mtumbwi mmoja mrefu, uliochongwa kwenye gogo moja na kuongezwa mbao pembeni, pamoja na vijana wa kuupiga kafi mpaka Usumbura. Tulibeba mafuta ya mawese, mihogo, mbuzi, mabibi arusi, na mara moja tulimbeba sheikh aliyetapika njia nzima huku akituombea dua. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Asmani. Mimi, Amissi, nilikaa nyuma na kafi pana ya usukani. Mbele kabisa alikaa Alimasi, mwimbishaji. Yeye anaanzisha, sisi tunaitikia, na kwenye kila kiitikio kafi zote zinaingia majini kwa pamoja. Alimasi hajawahi kupiga kafi maishani mwake. Kazi yake ilikuwa koo.

Shida ya Alimasi ilikuwa salamu. Kutoka nyumbani kwake mpaka ufukweni, kuku anafika kabla hajasahau anakokwenda. Alimasi ilimchukua asubuhi nzima. Kila mlango anasimama. Amahoro, mumeamkaje, yule mbuzi amezaa, mgonjwa amekula, nani iko na muzigo wa Minago. Akitokea ufukweni jua limeshachoma mchanga, na nyuma yake unamfuata mkia wa watu na vikapu vyao. Ndipo tunaondoka. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba zetu, na hakuna aliyejua kwamba hilo ni tatizo mpaka Wadachi walipoleta meli ya moshi.

Meli ile ilitumaliza. Watu waliokuwa wakigombania nafasi kwetu walianza kututazama kama kuni zinazoelea. Mfanyabiashara aliyepanda meli mara moja alirudi akiwa na mwendo mpya, anatembea kwa kuyumba kidogo, ili umuulize. Mwishowe tulibaki na mteja mmoja wa maana, Mama Chausiku, mwenye michikichi ya kule Kigwena. Mafuta yake peke yake yaliujaza mtumbwi nusu. Akaja kwenye kikao chetu bila kuitwa, akakaa bila kukaribishwa.

"Safari hii naenda na nyinyi, mimi na mafuta yangu," alisema. "Mukinifikisha vizuri, mafuta yangu iko yenu siku zote. Mukinisumbua, napanda moshi kama wenzangu, na huu mutumbwi naununua. Nimeshaupima kwa macho. Utanifaa kukanyagia chikichi."

Mtumbwi hauna tusi kubwa kuliko hilo. Unaburutwa mpaka nchi kavu, unajazwa chikichi zilizochemshwa, watu wanaingia humo na miguu yao na kukanyaga mpaka mafuta yatoke. Mtumbwi uliovuka ziwa na bibi arusi, leo unanusa nyayo.

Mama Chausiku alipoondoka, Mzee Asmani akauliza, "Haya wanangu, tufanye nini?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa meli. Nilikuwa nimesimama mbele yake kule Usumbura, nikaitazama mpaka askari mmoja akaniuliza kama mimi ni nguzo ya kuifungia. Kwa elimu hiyo nikawaambia wenzangu kwamba meli inatushinda kwa mambo matatu: ina moshi, inapiga baragumu kabla ya kuondoka, na haimsubiri mtu.

"Haimsubiri hata nani?" akauliza Mzee Asmani.

"Hata mkubwa wa boma akichelewa, anaachwa."

Hilo sikuliona. Lakini nilikuwa nimelisimulia mara nyingi kiasi kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kuliamini.

"Na salamu?" akauliza Alimasi.

"Utasalimu ukifika."

"Nikifika nitasalimu wa huko. Wa hapa nani atawasalimu?"

Nikamwambia swali hilo ndilo linaloua vyama. Watu wakacheka, na mtu akishachekwa hoja yake inakufa hata kama ilikuwa nzima. Mabadiliko yakapita. Mimi nikawa kapteni, nikasukiwa kofia ya makuti na kuchomekwa unyoya wa tai. Ramazani, mpiga kafi wetu mwenye kifua kikubwa, akawa fundi wa moto. Kazi yake ilikuwa kukaa na chungu cha makaa karibu na mbele, ayalishe makumvi ya chikichi na majani mabichi ili moshi upande. Wapiga kafi waliobaki wakaitwa mashine. Walifurahi sana mpaka walipogundua kwamba mashine inafanya kazi ile ile.

Likabaki baragumu. Sasa, pale kwetu baragumu lilikuwa na kazi moja tu. Kiboko akitoka ziwani akaingia kwenye mihogo, linapigwa, na kila mwenye miguu anakimbilia mashambani na jembe, mkuki au chochote cha kupigia kelele. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini baragumu la kiboko hupigwa vifupi vifupi, kwa hofu. Langu nilipanga kulipiga refu, moja, la kistaarabu. Nilidhani watu wataona tofauti.

"Tusiwatangazie kwanza?" akauliza Mzee Asmani.

"Mzee, meli haitangazi."

Asubuhi ya safari kila kitu kilikaa sawa. Mitungi ya mafuta ilikuwa imepangwa katikati na kufunikwa majani ya migomba. Mama Chausiku alifika mapema, akaketi kati ya mitungi yake kama mtungi mwingine, akashika mapajani kikapu chenye nguo ya mtoto. Binti yake Asiya alikuwa amejifungua huko Minago.

"Amissi mwanangu," akaniambia, "tukifika Minago munanishusha kidogo. Nimuone mujukuu."

"Mama, siku hizi hatusimami Minago. Tunakwenda moja kwa moja."

Akanitazama, kisha akautazama unyoya wangu. Ningekuwa na akili ningeyaogopa macho yale. Badala yake nikamwashiria Ramazani. Ramazani akatupia majani mabichi, moshi mweupe ukapanda ukaelekea mjini. Nikavuta pumzi, nikapiga baragumu langu refu.

Mji mzima ukalipuka. Wanawake walitoka na majembe, mzee mmoja akatoka na mkuki na kanzu moja tu ya haraka, mbwa wakatangulia. Waliouona moshi walisema kiboko ameingia na shamba linaungua. Alimasi alikuwa bado kwenye mlango wa tatu, katikati ya habari za mbuzi. Nilimwona kwa mbali akikimbia na wenzake kuelekea mashambani, akipiga kelele kwa sauti ile ile nzuri ya kuimbia.

Mama Chausiku akasimama. "Mihogo yangu," akasema, akaruka majini na nguo zake, akampokonya mpiga kafi wa karibu kafi yake kama silaha, akapotea kwenye moshi.

Tukabaki sisi, mitungi na kikapu cha mjukuu.

"Tuwasubiri?" akauliza Ramazani.

Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuwa mtu mwenye akili. Niliitazama, nikaiacha ipite.

"Meli haisubiri," nikasema. "Mashine, twende."

Tuliondoka kwa wakati. Hilo hakuna anayeweza kuninyang'anya. Katika historia yote ya Chama cha Kafi, sisi ndio pekee tuliowahi kuondoka kwa wakati.

Lakini mtu ambaye hajawahi kupiga kafi hajui jambo moja. Mikono ya mpiga kafi haimtazami jirani yake, inasikiliza. Wamezoea wimbo tangu utotoni, na bila wimbo kila mkono unakumbuka wimbo wake. Wa kulia walipiga haraka, wa kushoto taratibu, kafi zikagongana kama pembe za mbuzi, na mtumbwi ukaanza kuzunguka. Ulizunguka vizuri, bila kuyumba. Niliuona ufukwe wa Rumonge ukipita mbele ya macho yangu, kisha milima ya Kongo, kisha tena Rumonge.

"Imba wewe, Kapteni," wakaniambia.

Nikagundua kwamba katika miaka yote ile ya kuitikia sijawahi kujifunza kuanzisha. Wimbo pekee niliokuwa naujua mwanzo mpaka mwisho ni ule wa mama yangu wa kunibembeleza nilale. Nikauimba. Mashine ikapunguza mwendo. Mpiga kafi mmoja akapiga miayo, ikamwambukiza wa pili, na wa tatu akaegemeza shavu kwenye kafi yake kwa utulivu mkubwa.

"Hapana, hapana," akasema Ramazani. "Niachieni mimi." Akaanzisha wimbo wa arusi, mtamu kweli, wenye nguvu. Kafi zikaingia pamoja. Mtumbwi ukanyooka. Nikaanza kucheka kwa furaha. Kisha wimbo ukafika pale ambapo katika arusi zetu watu wote hupiga makofi, na kwa vile ni watoto waliolelewa vizuri, wote wakaachia kafi wakapiga makofi.

Kafi kadhaa ziliondoka zenyewe. Ramazani alipoinuka kuzifuatia kwa mkono, akapiga teke chungu cha moto, makaa yakamwagika karibu na mitungi ya mafuta. Sijawahi kuona mashine ikifanya kazi haraka namna ile. Walichota ziwa kwa kata, kwa viganja, kwa kofia yangu. Chungu kikapasuka, mvuke mkubwa ukapanda ukatufunika sote, na kwa mara ya kwanza siku ile tukawa meli ya kweli.

Mvuke ulipoisha, meli yenyewe ilikuwa inapita. Ilipita mbali, bila hata kutuonea huruma. Abiria mmoja alitupungia mkono, na nadhani alifikiri tunatega samaki. Nyuma yake yakaja mawimbi, makubwa, ya mpangilio mzuri, moja likitukabidhi kwa lingine, mpaka likatokea la mwisho likatusukuma kwa adabu na kutuweka ufukweni, pale pale tulipotoka, mkia ukiwa mbele.

Mji mzima ulikuwa unatusubiri. Walikuwa wamerudi kutoka mashambani, jasho linawatoka, na kiboko hawakumwona. Mzee wa kanzu moja alikuwa bado na mkuki wake, na sikupenda jinsi alivyokuwa akiushika. Mbele yao alisimama Mama Chausiku na kafi yetu begani. Mzee Asmani, naye aliyekuwa amekimbilia mashambani, alikuwa pembeni yake, akiutazama mtumbwi kama mtu anayeaga.

"Mafuta?" akauliza Mama Chausiku.

"Iko mazima yote, Mama," akasema Ramazani, amelowa, amejaa masizi. "Na kikapu cha mujukuu hakikulowa."

Akaja kukagua. Alipita mtungi kwa mtungi. Alipomaliza, akaugonga mtumbwi kwa kafi, ubavuni, akasikiliza, kama mtu anayegonga chombo cha kukanyagia chikichi kabla ya kununua.

Wakati huo Alimasi akafika, wa mwisho kuliko wote, maana alikuwa amewasalimu watu wa mashambani pia. "Mama Chausiku, amahoro tena," akasema. "Nimekutana na mutu wa Minago. Asiya na mutoto wako wazima. Mutoto amechukua pua yako. Wanakungojea leo."

Uso wa Mama Chausiku ukabadilika. "Hiyo habari," akasema polepole, "moshi ungeniletea?"

Akamrudishia mpiga kafi kafi yake, akaingia mtumbwini, akaketi kati ya mitungi. "Mutanishusha Minago. Mafuta yangu yanabaki kwenu. Alimasi aendelee na salamu zake, na akimaliza ndipo tutaondoka. Tafuteni chungu kingine, moto utabaki, lakini wa kuchomea ndagala, nasikia njaa njiani. Baragumu lirudi mashambani."

Wapiga kafi wakaanza kuingia. Mzee Asmani akafuta macho, akisingizia moshi. Mtu mwenye akili angeshukuru, akavua kile kilichobaki cha kofia na kushika usukani. Mimi nilikuwa na cheo siku moja tu, na kilikuwa kinaniuma kukiacha.

"Mama, hebu tusikilizane," nikasema. "Chama kilikaa kikao kikapitisha. Watu wanaipenda meli kwa sababu haimsubiri mtu. Leo na sisi hatukumsubiri mtu. Meli ikiwaacha munaisifu, mimi nikiwaacha munashika mikuki. Tofauti iko wapi?"

Mama Chausiku akapanga kikapu chake mapajani.

"Meli ikituacha, Amissi mwanangu, inafika. Wewe umetuacha, tukakukuta hapa hapa."