Ijumaa ya Kilimo

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, mwaka 1953, Beda alimkalisha mwanawe Felisiani kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, Matai, ili amnyoe. Mtoto alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kwenye lori la Huseni mwenye duka, akitokea Sumbawanga, kwenye shule ya kati ambako alianza darasa la tano mwezi wa Januari. Upepo wa kipupwe ulikuwa unapuliza, na maji ya kunyolea yalipoa upesi. Beda alimaliza kichwa, akashuka kidevuni kufuta povu, wembe ukakwaruza. Mtoto alikuwa na ndevu.

Beda alizinyoa, maana wembe ulikuwa tayari mkononi. Kisha akazunguka mbele akamtazama vizuri. Januari alikuwa amepeleka shule mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya kifaranga. Huyu aliyekaa kwenye kigoda alikuwa na mabega, na kaptula yake ya kaki, ile ile iliyoshonwa Januari, ilikuwa imempanda mapajani.

Beda hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kuku wake aliwahesabu jioni, akawahesabu tena asubuhi, na mgeni akimletea habari njema alimwuliza kwanza nani kamtuma. Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba shule imembadilishia mtoto. Akamwuliza jina la mbuzi aliyekufa mwaka wa nzige, na ni nani aliyemfundisha kuogelea, na wapi alificha jembe dogo la bibi yake. Kijana alijibu yote, akaongeza na mengine ambayo Beda mwenyewe alikuwa ameyasahau. Bertilla, mama yake, hakuuliza lolote. Alimshika kiwiko, akaona kovu la chungu cha moto, akaenda kutafuta uzi na sindano ili ashushe pindo la kaptula.

"Ni yeye," alisema. "Amekua tu."

"Miaka mitano kwa miezi mitano?"

"Wewe si ndiye ulisema akakue huko?"

Hapo Beda akahamishia shaka yake kwa mwalimu mkuu. Ile shule haikuwa ya Serikali wala ya misheni. Iliendeshwa na kamati ya watu wa mjini, katika mtaa wa Kizwite, na mwalimu mkuu wake, Polikarp, alikuwa mtu wa suti ya kijivu na maneno machache. Watu waliosafiri na lori walisema ghala la shule limejaa maharage na ulezi hadi mlangoni, na shamba lenyewe si kubwa kuliko uwanja wa kanisa. Huku Ufipa mtu akivuna kuliko ukubwa wa shamba lake, majirani hawampongezi. Huanza kuulizana ni nani anayemlimia. Felisiani alipoulizwa alisema wanalima wenyewe, wanafunzi, Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi. Baada ya hapo akalala mchana kutwa, na kesho yake vile vile.

Ijumaa ya mwisho ya Julai Beda alipanda lori la Huseni akiwa na viazi vya kuchemsha na kiko chake. Hakubisha hodi shuleni. Alikaa nyuma ya ua wa matete, mahali ambapo angeona shamba na madarasa kwa pamoja, akajaza tumbaku.

Saa nne kengele ililia. Wanafunzi wa darasa la tano waligawanyika mlangoni. Wachache walibaki ndani, akiwamo Uledi, mtoto wa Huseni. Wengine, kama thelathini hivi, walichukua majembe wakaingia shambani. Waliinama wakakata nyasi, wakazilaza mafungu mafungu, wakazifunika udongo kwa kuugeuza, wakapiga ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa hufukia nyasi chini yake zioze. Beda aliona zimepangwa vizuri, na za mwanawe zilikuwa nzuri kuliko zote. Mvua ya mwisho wa masika ikanyesha juu ya shamba, ikaishia uani. Maharage yakaota juu ya ntumba, yakachanua, yakakauka, wakayang'oa. Kipupwe kikapita, watoto wakalima wakitetemeka. Jua la Oktoba likawaka. Mvua za kwanza zikaja, wakazibomoa zile ntumba, wakazitandaza, wakamwaga ulezi. Wakapalilia. Wakafukuza ndege. Wakavuna kwa visu, wakapura, wakabeba makapu ghalani. Kengele ikalia saa sita. Beda alikuwa bado anavuta tumbaku ile ile aliyojaza mwanzo.

Muda wote huo, dirishani, sauti ya mwalimu wa Kiingereza iliwasomesha akina Uledi sentensi moja, na wao wakaiitikia mpaka ikakaa sawa.

Watoto wa shambani walitoka wakiwa na umri wa mwaka mmoja zaidi. Mmoja alikuwa amebadilika sauti. Walinawa, wakapanga foleni ya uji kama kawaida. Uledi alitoka darasani na umri wake aliokuwa nao asubuhi, akacheza gololi.

Beda alizima kiko, akaenda kubisha ofisini. Mwalimu Polikarp alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, wala hakukana.

"Mtaala umetoka juu, Baba Felisiani," alisema. "Umeandikwa kwamba mwanafunzi wa mkondo wa pili ajifunze kilimo kuanzia kufukia nyasi hadi kupura, mzunguko mzima, bila kuruka. Muda tuliopewa ni saa mbili kwa mwezi. Tunautimiza."

"Na hao waliobaki ndani?"

"Hao ni mkondo wa kwanza."

Beda alitaka kujua ni nani aliyewagawa. Alikuwa na hakika ataambiwa ni mkono wa matajiri, na jibu la hilo alikuwa nalo tayari. Mwalimu alifungua kabati, akatoa fomu, akaigeuzia upande wake. Beda hakujua kusoma, lakini alama ya kidole chake aliitambua, maana kidole gumba chake kilikuwa na kovu la mundu. Mwalimu alimsomea. Siku ya kuandikishwa, wazazi wote waliulizwa swali moja: mtoto wako anajua kulima? Huseni alijibu kwamba wa kwake hajawahi kushika jembe, kazaliwa dukani. Beda alijibu kwamba Matai nzima hakuna mtoto anayepiga ntumba kama Felisiani, na kwamba kama mwalimu ana shaka amletee jembe hapo hapo. Karani aliandika yote, pamoja na hilo la jembe. Wakulima wote waliokuwa kwenye foleni siku ile walijibu hivyo hivyo, kila mmoja akipandisha sauti kumzidi aliyemtangulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Beda aliona aibu, na aibu ile ilimkaa kuliko hasira.

Aliomba fomu ibadilishwe. Mwalimu alisema fomu zikishatiwa muhuri kwa Bwana Elimu, yule afisa wa elimu wa wilaya, haziguswi. Lakini asihofu, kwa sababu kitabu cha shule kinaandika umri mara moja tu, siku ya kuandikishwa, na humo Felisiani ataendelea kuwa mtoto. Akimaliza darasa la nane kitabu kitasema ana miaka kumi na sita, umri wa kwenda sekondari bila tatizo.

Njiani kurudi, Beda alipanga kumtoa mtoto shule. Ila Felisiani, alipoambiwa, hakutaka. Alikuwa ameona siku moja dereva wa Bwana Elimu akifungua boneti, na mchoro wa injini umebandikwa ndani yake, na tangu hapo alitaka kusomea ufundi wa mitambo. Bila cheti cha darasa la nane hakuna shule ya ufundi. Alimwambia baba yake kwamba miaka mingine angeilima tu hata hapo nyumbani, heri ailime kwa faida.

Basi Felisiani akaendelea. Alimaliza darasa la tano na miaka ishirini na miwili, la sita na thelathini na miwili. Wajomba walianza kuuliza kwa nini haoi, wakaambiwa sheria ya shule hairuhusu wanafunzi kuoa. Bertilla alimshonea kaptula tatu, kila moja pana kuliko iliyotangulia. Masomo ndiyo yaliyomshinda. Mwalimu wa hesabu akifundisha kugawanya Alhamisi, Jumatatu huendelea pale alipoachia. Kwa Uledi zilikuwa zimepita siku nne, kwa Felisiani zilikuwa siku nne na mwaka wa mvua na palizi. Alikumbuka ule ulezi, akasahau ile hesabu. Usiseme hakuwa na akili. Likizo alikaa kivulini na daftari la Uledi aliloazima, akinakili kwa mikono iliyokuwa imeshakuwa minene mno kwa kalamu, na Bertilla akimwangalia aligeuza uso.

Mwezi wa pili wa darasa la nane alimpita baba yake umri. Beda alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Beda alishikilia kitabu cha shule, na kitabu kilisema kumi na mitano.

Mtihani ulifanyika Novemba 1956. Felisiani alikuwa na mvi, mgongo umeanza kuinama, kaptula yake imepigwa pasi. Uledi alikaa dawati la mbele yake, kidevu laini.

Kabla barua hazijaja, Beda alikwenda tena Sumbawanga, siku ya kuandikisha darasa la tano jipya. Alipita kwenye foleni ya wakulima mmoja mmoja, akawanong'oneza wakiulizwa waseme watoto wao hawajui kulima. Walimtazama kwa jicho baya. Mmoja, Modesti, mtu wa Izia, alimwuliza kama ametumwa kuwachafulia watoto jina. Zamu yake ilipofika, Modesti alimwambia karani kwamba wa kwake analima hekari nzima peke yake, kisha akageuka kumwangalia Beda.

Barua ilifika wiki mbili baada ya Krismasi, kwa lori la Huseni. Huseni mwenyewe aliisoma, kofia mkononi, huku wa kwake akiwa ameshapata nafasi ya sekondari. Mwombaji amefaulu kilimo kwa kiwango cha juu kabisa. Masomo mengine hayakutosha. Na pamoja na umri ulioandikwa kitabuni, ofisi imejiridhisha kwa macho kwamba mwombaji ni mtu mzima, hawezi kupokewa, na anashauriwa kurudi shambani, ambako Serikali inamhitaji. Felisiani aliichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kaptula.

Asubuhi yake Beda aliamka akatoka nje na jembe. Felisiani alikuwa ameshakaa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani, anapasha magoti yake. Beda alisimama mbele yake. Serikali ilikuwa imeshasema ni mtu mzima, na muhuri ulikuwapo. Beda akaweka jembe chini, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," alisema.

Felisiani alishusha blanketi mabegani.

"Marahaba," akajibu, akauliza wanaanzia shamba gani.