Siku Baba Alipolizima Tanuri

Baba yangu mtaa mzima ulimwita Chuma, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba, la matofali ya kuchoma, na tangu nipate akili sikuwahi kuliona limepoa. Kila alfajiri alikanda unga kwa mikono yake mwenyewe, mabega yakipanda na kushuka, huku akiimba nyimbo zisizo na mwisho wala maana. Mafua yakiingia nyumbani yalitupata sote yakamruka yeye. Basi akajiaminisha kwamba mwili wake hauna mlango wa kuingilia maradhi.

"Hospitali ndiko watu wanakokwenda kutafuta magonjwa," alikuwa akisema. "Unaingia mzima kwa miguu yako, unatoka na ugonjwa ambao hata jina lake huwezi kulitamka."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha la barabarani, sare za shule na sketi za wanawake wa mtaani. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilikaa kando yake nikikunja pindo na kutia vifungo. Wazazi wangu walipendana kwa kubishana. Mkate wa kwanza ukitoka tanurini, kabla ya mteja yeyote, baba aliuleta mbele umefungwa kitambaa, akamkatia mama ile ncha ya ganda gumu anayoipenda. Mama aliitafuna, akameza, akasema, "Leo chumvi imezidi." Baba akaondoka akicheka, kesho yake akarudi vilevile.

Mambo yalibadilika siku mwenye mashine ya kusaga alipoanguka. Huyu ndiye aliyemuuzia baba unga tangu wakiwa vijana, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa. Alianguka akiwa kazini, mchana kweupe, na alipoamka upande mmoja wa mwili ulikuwa hausikii amri. Kiharusi. Madaktari walisema presha yake ilikuwa juu kwa miaka, naye hana habari, kwa sababu hakuwahi kupimwa.

Baba alikwenda kumtazama. Aliporudi hakuimba, na mkate wa asubuhi iliyofuata uliungua chini.

"Twende tukapime na sisi," mama alimwambia.

"Yule alikuwa anakula vibaya."

"Mlikuwa mnakula sahani moja."

"Mimi ni mimi," baba akasema, akarudi kwenye unga wake.

Mama alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu hata kununa, jambo ambalo kwa kawaida lilimaliza kesi zote nyumbani kwetu. Baba hakutikisika. Ndipo siku moja, tukiwa tunashona, mama akasimamisha cherehani akaniinamia sikioni.

"Baba yako kupelekwa hakubali," alisema. "Lakini kusindikiza, huyo atakubali. Wewe nyamaza tu."

Asubuhi yake nilisikia mama akiita kutoka chumbani kwa sauti ya kinyonge ambayo sikuijua. "Mume wangu, kichwa kinanizunguka."

Baba alitoka mbio na unga hadi viwikoni. Nikimkumbuka usoni siku ile mpaka leo najisikia vibaya. Midomo ilikuwa imemkauka. Alirudi nyuma akachukua ndoo ya maji, akaimwaga juu ya kuni, na tanuri likapiga kelele kama mtu aliyeumizwa.

"Funga mlango," aliniambia. "Waambie watu leo hakuna mkate."

Hospitali ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, kuta zimepakwa rangi ya bluu hadi usawa wa kiuno. Mama alijifanya anakwenda kuuliza zamu, akamnong'oneza nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyelea wadogo zake wengi. Nesi akaitikia kwa kichwa, akaja moja kwa moja hadi kwa baba.

"Mzee, kaa hapa. Kunja mkono wa shati."

"Mgonjwa si mimi, mwanangu. Ni mke wangu."

"Hapa msindikizaji hupimwa kwanza. Tukimtibu mama, halafu wewe ukaanguka njiani, nani atambeba mwenzake?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Alipimwa presha, akapimwa uzito, akapimwa sukari. Ile sindano ndogo ya kidoleni ilipomkaribia, Chuma alifumba macho akaushika mkono wa mama kama mtoto anayenyolewa. Sukari ilikuwa safi. Presha ilikuwa imeanza kupanda, si ya kutisha, wala si ya kuanzishiwa dawa. Nesi alimwambia apunguze chumvi, atembee kila siku, arudi kupimwa tena.

"Umeiwahi mapema, mzee," alisema. "Ingekuwa inauma, ungeshakuja zamani. Hii haiumi, ndiyo ubaya wake."

Baba alifungua macho, akajikagua kana kwamba haamini kuwa bado yupo. "Haya. Sasa mtazameni mke wangu, kichwa kinamzunguka."

Mama alikuwa tayari amesimama, anajitengeneza mtandio. "Mimi mzima. Twendeni nyumbani, nina sare za watu."

"Mzima vipi?"

Nesi ndiye aliyeshindwa kujizuia kwanza, akaangua kicheko.

"Umenidanganya?" baba akauliza.

"Nimekudanganya."

Nilidhani atawaka. Badala yake aliketi, akajifuta uso kwa mkono, na unga uliokuwa umekauka kwenye vidole ukambakia shavuni. Macho yake yalikuwa na maji. "Roho yangu iko juu tangu asubuhi, mwanamke wewe," alisema. Kisha akainuka. "Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia hapa hapa. Nimelizima tanuri kwa ajili yako. Hutoki mpaka wakupime kuanzia utosini hadi unyayoni."

Mama alicheka, akakubali ili yaishe. Kila alipotoka mlango mmoja alijitapa: presha nzuri, sukari nzuri, moyo unadunda kama wa msichana. Baba alimfuata nyuma akisema, "Na ule pale? Na ule mlango wa mwisho?"

Mlango wa mwisho ulikuwa wa macho.

"Macho yangu?" mama akasema. "Mimi natunga uzi kwenye sindano hata taa ikizimika."

"Basi utawafundisha. Ingia."

Daktari wa macho alikuwa kijana mwembamba, mpole wa maneno. Alimwekesha mama kidevu kwenye mashine, akamtazama ndani ya jicho moja, akarudia, akahamia la pili. Kisha akamkalisha mbele ya chombo kingine, akampa kitufe mkononi: kila akiona kinukta cha mwanga, abonyeze. Mimi na baba tulikaa ukutani. Tuliusikia ule mlio wa kitufe, tk, tk, halafu kimya kirefu. Kisha tk moja. Halafu kimya tena.

Daktari alipomaliza alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mama, huwa unagonga vitu? Hasa upande wa kushoto?"

"Hapana," mama akasema.

"Vikombe," baba akasema polepole.

Nami nikakumbuka. Mwaka ule mama alikuwa ameangusha vikombe vingi vya chai vilivyowekwa kushoto kwake, na bega lake halikukosa alama ya mlango wa jikoni. Sisi tulimcheka. Baba alimtania kwamba siku hizi anatembea kama mtu aliyeazima miguu.

Daktari alieleza taratibu. Ugonjwa wenyewe unaitwa glakoma. Presha ndani ya jicho inapanda na kuubana mshipa wa kuonea, na uoni unaliwa kuanzia pembeni kuja katikati. Mtu haumwi. Mbele anaona vizuri, uzi anatunga, maandishi anasoma, huku pembeni kunafungwa kidogo kidogo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa ya matone kila siku na kwa kuja kupimwa bila kuruka.

"Umebakiwa na uoni mwingi, mama," alisema. "Ungesubiri mpaka uone mwenyewe kwamba huoni, hapo nisingekuwa na la kukusaidia." Kisha akanigeukia mimi. "Ugonjwa huu unakwenda kwa damu. Na wewe uje upimwe."

Njiani kurudi hakuna aliyebishana na mwenzake, na kwa familia yetu huo ulikuwa msiba. Baba alitembea upande wa kushoto wa mama. Alihamia pale mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuuacha upande huo.

Nyumbani mama aliketi mbele ya cherehani, asiifunue. Baba akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Nikipofuka nitafanya nini?" mama akauliza.

"Hujapofuka."

"Nikipofuka?"

"Utahamia nyuma kwangu. Kukanda unga ni kazi ya mikono, macho hayahitajiki."

"Nitakutilia chumvi nyingi."

"Nimekatazwa chumvi."

Mama akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Akalia sana, kichwa kwenye bega la baba, huku baba akimpigapiga mgongoni kwa ile namna anayopiga donge la unga ili liumuke vizuri. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kazi ya matone baba aliichukua yeye. Nilimwambia mikono yangu ni midogo, ingefaa zaidi, hakusikia. Jioni ya kwanza alinawa mpaka viwiko, akasugua chini ya kucha, akamlaza mama kichwa mapajani mwake. Tone la kwanza lilianguka puani. La pili likaenda sikioni.

"Unatia dawa au unapaka sinia mafuta?" mama akauliza.

"Usicheke. Ukicheka jicho linakimbia."

La tatu likaingia. Baba alishusha pumzi kama aliyetua gunia. Baada ya muda akawa bingwa, na saa ile ya matone ikawa ndiyo saa yao. Nilikuwa nawasikia wakizungumza mambo ya mtaani, mama amelala macho kafumba, baba ameshika kichupa.

Safari za hospitali nazo zikawa za wawili. Siku ya mama ilipofika baba alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Alipimwa presha yake bila kuambiwa, kisha akakaa kwenye benchi akiwasomesha wanaume waliokuja kusindikiza wake zao. "Mimi naitwa Chuma," nilimsikia akimwambia mmoja aliyekuwa anautazama mlango wa kutokea. "Hata chuma hukaguliwa kutu, ndugu yangu. Kunja shati." Yule mwenye mashine ya kusaga, alipoanza kutembea kwa mkongojo, baba alimpitia na kumpeleka mazoezini, wakigombana njia nzima. Na kila mara daktari wa macho alisema neno lilelile ambalo mama alilisubiri akiwa amefumba ngumi: hakijapungua kitu.

Aliyebaki ni mimi. Nilikuwa na visingizio vya kutosha: sare za watu, vifungo, mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nikikaa peke yangu nanyoosha mikono pembeni, natikisa vidole, najipima kama naviona.

Baba akanikuta siku moja nimenyoosha mikono vile. Hakunicheka.

"Nani tena Chuma humu ndani?" aliuliza. "Vaa viatu."

Walinipeleka wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama ninaanza darasa la kwanza. Mama alinishikia mkoba. Baba alimweleza daktari historia yangu yote tangu surua ya utotoni, mpaka daktari akamwomba asubiri nje. Niliweka kidevu kwenye mashine. Nilishika kitufe. Vinukta vilitokea kimoja kimoja, vingine hafifu sana, nami nikabonyeza mpaka kidole kikauma.

"Safi," daktari akasema mwisho. "Macho yako mazima. Utarudi mwakani tuyaangalie tena."

Nilitoka nikiwa na haraka ya kuwaambia. Walikuwa kwenye benchi, wamesinzia, mama ameegemea bega la baba, baba ameegemea kichwa cha mama, mkoba wangu katikati umeshikwa na mikono yote minne. Nesi mnene alinipita na trei yake akaweka kidole mdomoni mwake, kuniashiria nisiwaamshe.

Nikakaa pembeni yao nikawatazama kidogo. Baadaye mama ndiye aliyefumbua macho kwanza.

"Enhe?" akauliza.

"Mzima, mama."

Akanishika mashavu, akanitazama jicho moja, kisha la pili. Kisha akampiga baba kiwiko cha mbavu. "Amka wewe. Mtoto mzima. Twendeni, nina sketi za watu."