Deni la Mlango wa Kijani

Jumanne saa nne asubuhi fundi alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki ya muuza maziwa, ncha ya bisibisi imegusa injini, mpini uko sikioni. Ndivyo alivyofanya kazi. Wenzake wanafungua kwanza ndipo watafute ugonjwa. Yeye alisikiliza kwanza, akafungua mara moja. Alikuwa amebakiza kidogo tu kuijua beringi mbovu ni ipi walipoingia wanaume wawili. Mmoja mrefu, ana begi la turubai lenye zipu. Mwingine mfupi, ana orodha na kalamu mbili, moja ya akiba.

Walisalimia vizuri. Mfupi akauliza kama hapa ndipo kwenye mlango wa kijani. Fundi akautazama mlango, kijani kweli, akasema ndipo. Akaambiwa kuna deni.

Fundi hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliwaambia deni hilo ni la mpangaji aliyekuwepo kabla yake, yule mchomeleaji wa mageti, aliyehama miezi minane iliyopita akaacha kalenda ukutani na deni la maji. Yeye binafsi hajawahi kukopa hata kiberiti.

"Tunajua, kaka," mfupi akasema. "Wewe hata jina lako hatuna. Sisi tunaandika milango. Watu wanahama sana."

Kisha akamwomba apige nyundo mara moja kwenye chuma. Fundi akapiga, akidhani wanataka kuona kama ni nyundo nzima. Mrefu akafungua zipu, sauti ikaingia, akafunga. Wakamwachia karatasi yenye muhuri, wakaenda zao. Kuanzia hapo nyundo ile ilipiga chuma kama mtu anayepiga godoro.

Muuza maziwa, aliyekuwa amekaa juu ya tairi muda wote huo, aliuliza kama pikipiki itakuwa tayari mchana.

Walirudi kila Jumanne, saa nne, hawakosei. Wiki ya pili walichukua mlio wa kompresa. Ya tatu walichukua spana, kuanzia namba nane mpaka ishirini na nne, wakizigonga mezani moja moja. Siku hiyo walichelewa kidogo kwa sababu namba kumi na mbili ilikuwa imepotea, ikabidi wote watatu wapige magoti waitafute. Ilikuwa chini ya jeki. Wiki ya nne walichukua mngurumo wa kila pikipiki ikiwa ndani ya gereji. Mteja akiwasha, anaona moshi tu. Akishaivusha mlangoni, inanguruma kama kawaida. Wateja wawili walihamia kwa fundi mwingine, wakisema huku hawajui kama wametengenezewa au wamepewa pole.

Lakini bisibisi ilikuwa bado inasikia. Fundi aliligundua hilo mwenyewe. Akiweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, mngurumo ulikuwepo ndani ya chuma, mdogo, wa mbali, kama mtu anayeongea akiwa kisimani. Kazi ikaenda hivyohivyo. Hakumwambia mtu.

Nyumbani mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba na gereji ndiyo iliyokuwa inawalisha. Fundi akakaa akafikiri kwa muda mfupi, maana kufikiri kwa muda mrefu kulimchosha. Kama wanadai mlango, dawa ni kuuondoa mlango. Kwanza aliupaka rangi ya bluu. Jumanne mfupi akaukwangua kwa ukucha, akakuta kijani, akajifuta kidole kwenye suruali, wakaendelea na kazi. Basi fundi akaung'oa, akatundika turubai pale ulipokuwa.

Angeishia hapo mambo yangekuwa mengine. Lakini ulikuwa mlango mzuri, mbao ngumu, mzito, na ule wa nyumbani ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka paka anapita bila kuinama. Kutupa mbao kama ile kulimuuma. Akaubeba kichwani mpaka nyumbani, akaukata kidogo chini, akautia bawaba. Mkewe alifurahi. Aliufungua na kuufunga mara tano, kusikia tu unavyolia.

Jumanne saa nne walibisha hodi nyumbani. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza waliyoichukua pale, ya kubisha hodi, yao wenyewe.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu," mfupi alisema, akavua viatu.

Walichukua kifuniko cha sufuria, ufagio, ndala za mke zikipiga sakafu, na kikohozi cha fundi. Mke aliwafuata nyuma mkono kiunoni.

"Mkimaliza sufuria mchukue na njaa."

"Njaa haina sauti, shemeji."

"Ya kwangu inayo. Kaeni mpaka saa saba mtaisikia."

Mfupi alitabasamu. Kisha akalitazama tumbo la mwanamke, akahesabu kitu kwa vidole, akaandika. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa na mstari mmoja zaidi ya zile za nyuma. Ilisema awamu kubwa itakuwa kilio cha kwanza cha mtoto, pamoja na vitakavyofuata. Mke aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro, na usemi wake ukaisha siku nzima. Huo hawakuuchukua wao. Ulikwisha tu.

Fundi akamtafuta mchomeleaji. Hakupata shida. Alikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, kwenye karakana kubwa yenye mlango mwekundu, mpya kabisa. Mle ndani vyuma vilikuwa vinalia, mashine inatoa cheche, redio iko juu. Fundi alisimama mlangoni kwanza akasikia nyundo. Ilikuwa imepita muda.

"Ndiyo, nilikopa mimi," mchomeleaji alisema, akimvutia kiti. "Nikanunua mashine hiyo unayoiona. Watu wazuri sana wale, kama wadogo zangu kabisa. Tangu nihame hawajawahi kunisumbua."

Jumanne fundi hakungoja wapige hodi yao isiyosikika. Aliwangoja nje, akawaomba wamfuate, nao wakafuata bila ubishi. Walitembea watatu mpaka mlango mwekundu. Mchomeleaji akawaletea chai. Wakanywa. Mrefu akaweka begi katikati ya miguu yake, na fundi, aliyekuwa karibu, alisikia humo ndani kitu kama soko la mbali.

"Huyu ndiye aliyekopa," fundi akasema.

"Ndiye," mfupi akakubali.

"Ni mimi," mchomeleaji naye akasema, akaongeza sukari.

Mfupi akateremsha kidole kwenye orodha, ukurasa hadi ukurasa. Mlango mwekundu haumo. Aliiona hali hiyo kuwa ya kusikitisha, akasema hivyo, lakini yeye si mwandishi wa orodha, yeye ni msomaji tu. Fundi akavuta pumzi. Akawaambia basi yaishe, wamwandikie yeye, ingawa si lake. Atalipa kidogo kidogo, kwa fedha, mpaka azeeke. Mtoto wamwache.

Mfupi aliweka kikombe chini.

"Kaka, anayeweza kuomba apunguziwe ni mwenye deni. Wewe huna deni. Sasa utaomba kama nani?"

Fundi alilifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi, akilitafutia pa kuingiza bisibisi. Hakupaona.

Kesho yake aling'oa mlango, akakodi mkokoteni, akaupeleka mpaka kwa mchomeleaji, akauegemeza kando ya ule mwekundu. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umesimama kwenye fremu ya nyumbani kwake, bawaba zimepakwa grisi. Grisi safi, kuliko anayotumia yeye. Mke aliufungua, akatoka kwenda kuanika nguo.

Mtoto alizaliwa zahanati, Alhamisi mchana, mbali na mlango. Alilia. Mkunga alimshika miguu, akasema huyu atauza mitumba, hana haja ya kipaza sauti. Mama yake akaomba asimnyonyeshe kwanza, amwache alie kidogo. Kwenye korido fundi alisimama na mfuko wa nguo mkononi, akasikiliza kwa masikio yake mawili, bila chombo.

Siku ya kurudi nyumbani walimpitisha dirishani. Fundi alikuwa amekata nondo mbili usiku wa kuamkia hapo, na msumeno haukusikika, maana nao ulishachukuliwa. Toka siku hiyo mlango wa kijani haukufunguliwa. Watu, ndoo, mkaa, vyote dirishani. Majirani hawakuuliza. Mmoja alileta kigoda cha kukanyagia, akasema wakimaliza wamrudishie.

Jumanne wale wawili walibisha hodi kwa adabu, kimyakimya. Ndani mtoto analia, mtaa mzima unamsikia. Hawakulazimisha. Walivuka barabara, wakakaa kwenye benchi la kinyozi, wakitazama. Jumatano walikuwa palepale. Alhamisi pia. Kinyozi akamnyoa mrefu ndevu, kwa kuwa yupo.

Mama mkwe alifika kusaidia kulea. Alikuwa mama mwenye mwili mkubwa, na mifuko miwili. Siku ya kwanza aliingizwa dirishani na majirani wawili, mmoja akivuta, mmoja akisukuma, na alipofika ndani alikaa chini akaomba maji. Walimweleza habari ya mlango tangu mwanzo. Alisikiliza, akasema ameelewa, kwani hata kijijini kwao kuna benki.

Siku ya tatu asubuhi fundi alikuwa gereji, mke amelala. Mkunga alikuwa ameagiza mtoto apate jua, macho yake yalikuwa na umanjano kidogo. Mtoto analia. Mama mkwe akalitazama dirisha, akakitazama kigoda, akajitazama mwenyewe. Akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, kwamba yeye si paka. Akafungua mlango wa kijani, akatoka na mjukuu.

Zipu ilisikika toka ng'ambo ya barabara. Hiyo tu ndiyo hawakuwahi kuichukua.

Mtoto aliendelea kulia. Mdomo wazi, uso mwekundu, machozi, vidole vya miguu vimekunjamana. Mama mkwe alimgeuza, akampiga kidogo mgongoni, akamgeuza tena. Kisha akakaa kizingitini naye, juani, kwa sababu jua lenyewe bado alikuwa analihitaji.

Fundi hakumlaumu. Mlango ule aliuleta yeye, kwa kichwa chake. Alivuka barabara akapokea karatasi. Ilisema: kilio, kimoja, pamoja na vinavyofuata, kimepokelewa kama gharama za ufuatiliaji. Deni: kama lilivyokuwa.

Akauliza nyundo je, na spana, na ndala.

"Gharama za kuja hizo," mfupi akasema. "Deni lenyewe hatujaligusa. Lile si lako."

Jioni mtoto alilala kwenye kitanda kidogo cha mbao. Mara wanamkuta kalowa haijulikani tangu lini, mara mdomo wazi na hakuna aliyekuwa anamtazama. Mke alisema hatalala tena, atakaa amwangalie, basi. Fundi akachukua bisibisi, akaiosha kwa petroli, akaifuta. Akaweka ncha kwenye mguu wa kitanda, mpini sikioni, akafumba macho kama anavyofanya kwa injini.

"Ana njaa," akasema. "Si tumbo. Ni njaa."

Mke akamnyonyesha, na kweli ilikuwa njaa.

Kuanzia siku hiyo bisibisi haikurudi gereji. Mama alijifunza haraka kuliko fundi alivyojifunza. Hata mama mkwe aliweza kutofautisha njaa na usingizi, ila ya gesi ilimshinda. Dirisha likarudishiwa nondo, kigoda kikarudi kwa mwenyewe. Walitumia mlango.

Jumanne saa nne walikuja. Mke aliwakaribisha, wakavua viatu, wakakaa. Mfupi akapitisha macho chumbani, taratibu, mpaka yakafika kwenye kitanda cha mtoto. Akaitazama bisibisi kwa muda. Akauliza inaitwaje, na ni ya ukubwa gani. Mfupi akajaribu kalamu, ikawa imekauka wino, akachukua ile ya akiba, akaandika.