Murwaza wa Régis

"Mama Régis, yule mama anayemfulia mwanao nguo pale hospitali ni nani?"

Xavérine aliniuliza hivyo mwaka jana, mkono wake juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu hapa Kabuga. Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwambia mwanangu hayuko hospitali, yuko Kagugu, anaendesha pikipiki yake, na Jumapili atakuja.

"Yuko kitanda cha dirishani," akasema. "Mguu umefungwa. Nilikwenda kumwona shemeji. Nilidhani unajua, dada. Nisamehe."

Nilipika uji wa mtama, nikaenda. Getini mlinzi akaniomba kadi. Kwetu mgonjwa hulazwa pamoja na mtu wake wa kumuuguza. Tunamwita murwaza. Yeye ndiye anayempikia na kumwosha, na usiku analala chini kwenye mkeka. Kadi ni moja kwa kila kitanda, na ya Régis ilikuwa imeshachukuliwa.

"Mimi ni mama yake," nikasema.

"Mama, na yule aliyeko ndani amesema ni mama yake. Sasa mnataka mimi niwe Sulemani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa aibu.

Baadaye akatoka mwanamke mwenye kitenge kizuri, mikono bado ina povu la sabuni. Alikuwa Kaliza, mke wa mchungaji wa kanisa la waliookoka ambako Régis anasali. Aliposikia mimi ni nani, alivua kadi shingoni akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ingia, mama. Mtoto wetu ameamka."

Alikuwa mwema kwangu. Hilo ndilo linalonishinda mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya ningejua namna ya kumwombea.

Régis alikuwa safi, amenyolewa. Uji hakuumaliza, alikuwa ameshakula. "Sikutaka kukusumbua, mama," akasema. Nikakaa pale nikitazama mkeka uliokunjwa chini ya kitanda. Ulikunjwa vizuri, kama ninavyokunja mimi.

Nisiseme uongo, hata sisi tulikuwa na Kanisa la namna hiyo. Baba yake Régis, Viateur, alipokufa, watu wa jumuiya yetu ndogo walijaa nyumbani. Wanawake walipika, walichota maji, walilala na mimi chumba kimoja nisije nikalia peke yangu. Libère, kiongozi wetu, alimwinua mtoto juu mbele ya watu wote akamwambia, "Kuanzia leo una mama katika kila nyumba." Na kweli alikuwa nao. Mimi kila jioni baada ya rozari nilimwambia, nikifa usiogope, Kanisa ni mama yako. Nilikuwa naogopa kufa kabla hajakua.

Libère sasa hasikii vizuri. Wengine wamehama, wengine tumewazika. Tukikutana kusali ni wajane tu, na viti vinabaki. Régis alikwenda walikokuwa vijana wenzake, na siku alipoanguka na pikipiki, hao ndio waliombeba.

Mwezi huu anaoa. Msichana anaitwa Ariane, ana adabu. Desturi yetu ni kwamba bibi harusi akiingia kwa mumewe, mama mkwe humnywesha maziwa, na hapo ndipo anapokuwa binti wa nyumba. Mimi nina chombo cha mti cha maziwa. Mama yangu alikimbia nacho kwenda Burundi, na mimi nikarudi nacho. Nilikiosha, nikakifukiza moshi wa majani kama alivyonifundisha. Régis alinikuta nakipangusa, Jumapili baada ya misa. Hakukaa.

"Mama, maziwa atayatoa Mama Kaliza."

Nikaendelea kupangusa. "Kwa nini?"

"Wazee wa kanisa wameamua. Anayempokea bibi harusi lazima awe ameokoka. Lakini mlango uko wazi, mama! Jumamosi kuna ubatizo kule ziwani Muhazi. Unaingia majini, unatoka, yamekwisha. Maziwa unatoa wewe."

"Mimi nimebatizwa."

"Ulikuwa mtoto mchanga. Hukujua lolote."

"Mama yangu alijua. Tulikuwa kambini, hana kitambaa cheupe, akaazima kwa jirani. Alinibeba mgongoni mpaka misheni, na njaa yake. Leo nikaingie ziwani nimwambie alibeba bure?"

"Ni maji tu, mama."

"Kama ni maji tu, mbona wananinyima mtoto?"

Akageuka upande wa mlango. Alikuwa bado anachechemea kidogo, na nilitaka kumwambia akae aupumzishe mguu.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema polepole. "Kila jioni. Kanisa ni mama yako."

"Nikifa, Régis. Nilisema nikifa."

Mimi hufikiri sana juu ya Bwana wetu pale msalabani. Alikuwa anakufa, bado akamtafutia mama yake nyumba ya kukaa, asibaki peke yake. Yeye mwenyewe hakujitafutia mama mwingine. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini wao wanajua maandiko kuliko mimi, angenijibu kwa sura na mistari.

Nikampa chombo. "Haya. Mpelekee Kaliza. Ariane anywe kwenye hiki."

Alikishika. Alikinusa, nikaona ameukumbuka ule moshi, maana akiwa mdogo alikuwa anaingiza uso wote humo ndani. Kisha akakiweka mezani.

"Watasema ni mambo ya kipagani."

"Ni cha bibi yako. Yeye alisali kuliko sisi wote."

"Najua, mama. Lakini watasema."

Nje Xavérine alikuwa ameacha kufagia. Nilijua anasikiliza, na sikujali.

"Basi niambie kitu kimoja," nikasema. "Ukilazwa tena, nani ataitwa?"

Régis alitazama chini, pale alipokuwa akilala na mimi kwenye mkeka baada ya baba yake kufa. Akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka, chombo akakiacha mezani.