Mzinga Uliobaki Nyuma

Hamjambo wote, karibuni, naomba tunyamaze kidogo… kidogo tu, jamani… mara ya tatu hii naomba, lakini watanyamazaje, wapiga mizinga wazee hawa, masikio yao waliyaacha vitani, ukiwaomba kimya wanaulizana kwa makelele, kasema nini huyu, na sajini anawanyamazisha kwa sauti kubwa kuliko wote, haya, sasa kidole kwenye mstari kama mkwe wangu alivyonifundisha, usikimbie baba, neno halina miguu, na kweli halina, juzijuzi tu herufi kwangu zilikuwa siafu waliomwagiwa maji, leo nimesimama mbele ya ukumbi na kitabu kipya cha historia ya kikosi chetu, bado kinanukia wino, na msomaji ni mimi, mimi! "Mzinga… wa tatu… uliachwa nyuma… kwa makusudi…" eti nini? rudi, kidole, rudi, ma-ku-su-di, ndivyo ilivyoandikwa, "kama chambo… kwa mbinu… ya kamanda wetu," na kamanda pale meza kuu anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama bwana harusi, chambo gani, mbinu gani, tulikuwa tunakimbia alfajiri, adui yuko mgongoni, kila mmoja akadhani mwenzake ameshaufunga mzinga kwenye lori, tukapanda, tukaondoka, tena lori jepesi hilo tukamsifu dereva, leo umelitengeneza, tukaimba njia nzima, mpaka ng'ambo ya mto kamanda huyuhuyu anauliza, "Mzinga uko wapi?" sote shingo nyuma, hakuna kitu, vumbi tu… dereva hakubishana na mtu, akawasha lori, akasema, "Kuna kitu tumekisahau. Nakwenda, narudi," kama mtu aliyeacha mwavuli dukani, akaenda peke yake, na akarudi nao, maana adui walipoukuta mzinga mzima umekaa njiani bila mtu waliona huu ni mtego tu, wakalala kifudifudi vichakani, mmoja wao tuliyemteka alitusimulia baadaye, wakamwona dereva anarudisha lori nyuma, anaufunga, anajifuta mikono, anaondoka, na wao kimya, wanasubiri mtego ufyatuke… "Endelea, mzee, au umesinzia?" sajini huyo, naendelea, dereva yuko mstari unaofuata, hayupo, basi unaofuata huo, hayupo, nashuka na kidole mpaka chini, nafunua, picha ya kamanda, nafunua, picha nyingine ya kamanda, na mjane wa dereva amekaa mbele kabisa, shemeji yangu, kajipamba, mkono sikioni, nilimwambia mwenyewe, njoo shemeji, leo utamsikia mumeo kitabuni, nilidhani kitabu hakisahau mtu, ndiyo maana nikahangaika na kusoma uzee wote huu… "Shemeji, bado hajafika?" ananiuliza, naye hajui kunong'ona, ukumbi mzima umesikia, "Bado, shemeji, yuko njiani," njiani wapi, nimwongeze tu kwa mdomo, nani atajua, hawa wa mbele miwani hawana, lakini mkwe wangu yuko kule nyuma na kitabu chake, anafuata na kidole, usisome lisiloandikwa, baba, kanionya tangu somo la kwanza, nami naheshimu karatasi, naiheshimu kuliko hata kamanda… ila aliyeandika hii ni mtu, ana mikono kama sisi, na kila mmoja huko ofisini alidhani mwenzake ameshamfunga dereva humu ndani, kitabu kikaondoka, chepesi, kinaimba, hakuna aliyegeuza shingo… basi kumbe kusoma ni pamoja na hili, kuona nani hayumo, hili mkwe wangu hakunifundisha, nitamfundisha mimi… nakunja kitabu, kidole kimebaki ndani kisinipotezee mahali, kamanda ananikazia macho, "Vipi tena, mzee?" kimya, kimya cha kweli safari hii, hata sajini kafunga mdomo, "Samahani, afande," nasema, na tayari nashuka ngazi kumfuata shemeji, anakijua kisa chote, alisimuliwa kila siku, aje akisimulie hapa juu, "kuna mtu tumemsahau. Nakwenda, narudi."