Springi Apata Tisa Juu ya Tisa

Tangu azaliwe, Springi hajawahi kufaulu kitu. Jina lenyewe alibandikwa darasani kwa sababu kukaa kitako kulimshinda, na matokeo yake ya kumaliza shule yalikuwa ya kuficha chini ya godoro. Daktari wa akili akampima, akasema ana usonji na akili isiyotulia. Akaongeza kwamba watu wenye ubongo wa namna hii wengi wao viungo hulegea, kwa hiyo na yeye akapimwe.

"Akapimwe nini, uvivu?" Shangazi akauliza.

Shangazi ndiye aliyemlea, na ndiye mwenye duka la nafaka ambako Springi anabeba magunia. Kila akilalamika bega linachomoka, jibu ni lile lile: "Bega la mtu halichomoki kama betri ya simu!" Na Jumatatu mzigo mpya unaingia. Springi alitaka kitu kimoja tu: mtu mwenye koti jeupe amwambie Shangazi kwamba haigizi.

Basi wakaingia chumba cha mazoezi ya viungo. Kitanda chembamba, mipira mikubwa, na bango la mifupa linalokenua meno peke yake. Mama mtaalamu akasema, "Haya baba, kidole gumba. Kikunje kilale kwenye mkono, chini ya kiganja."

Kikalala, tena kama kimechoka.

"Moja. Cha pili? Mbili."

Vidole vidogo vikapinda kinyume, viwiko vikapinduka, magoti yakarudi nyuma kama ya korongo. Shangazi kusikia namba zinapanda, akasahau kununa. Akasogeza kiti. "Kaza, mwanangu! Usiniaibishe!"

Mwisho, viganja sakafuni bila kukunja magoti. Pa!

"Tisa juu ya tisa."

Shangazi akaachia vigelegele, korido nzima ikachungulia. "Nimemlea mwenyewe huyu! Kwetu hatuzai mabwege!" Simu tayari iko sikioni, anampigia Mjomba.

"Mama, kata simu kwanza. Hapa kila alama ni kiungo kilicholegea; ukipata tisa umefeli."

Mtaalamu akalisukuma bega la Springi kidogo tu. Likateleza, ko! Shangazi mwenyewe akalisikia. "Hadanganyi," akasema mtaalamu, aliyekwisha kuelezwa habari za magunia. "Gunia asiguse, aje mazoezi ya kukaza misuli. Jumatatu tafuta mpagazi."

"Jamani! Mtoto huyu hata kufeli anapata zote?"

"Hali hii mara nyingi ni ya ukoo. Kwenu nani mwingine analegea hivi, hatulii, anasahausahau?"

"Kwetu? Hayupo!" akasema Shangazi, ambaye asubuhi ile alirudi nyumbani mara tatu kufuata mkoba, na mara ya nne akaja bila mkoba. Kidole gumba chake kilikuwa kimejilaza kwenye mkono, kama kawaida yake akiwaza.

"Moja," Springi akahesabu.

Shangazi akaficha mkono. Halafu, kwa sauti ya chini: "Daktari, na mimi bega hili usiku..."

"Bega la mtu halichomoki kama betri ya simu, Shangazi."

Akainua mkono amzabe kofi, akakumbuka bega. La kwake.